Mpiga Mbiu wa Serikali ya Ghalani

Wepukhulu alikuwa na sauti ambayo Mungu angeweza kuwagawia wanaume wanne na kila mmoja akaridhika. Ilikuwa sauti ya kazi. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa ng'ombe katika shamba la mzungu nje ya Eldoret, upande wa kwenda kijiji cha Ziwa, na mtu anayeendesha plau inayovutwa na maksai kumi na sita hana haja ya kunong'ona. Akiita maksai wa mbele kwa jina, hata wa shamba jirani walisimama kufikiri kama wameitwa wao. Nyumbani mkewe, Nelima, alikuwa amemkataza kusimulia habari ndefu ndani ya nyumba. Alimtaka akae nje penye kuni, naye angemsikia vizuri tu akiwa jikoni. Kanisani mwalimu alimwomba, kwa heshima zote, aimbe moyoni.

Mtu huyu mwenye sauti alipata ajali mwaka wa 1942, vita vya Hitler vikiwa vimepamba moto. Gari la ng'ombe lililojaa magunia ya mahindi lilikwama kwenye matope njiani kwenda stesheni. Akashuka kusukuma, gurudumu likampanda mguu. Mguu ulipona kwa namna yake, yaani ulipona ukiangalia pembeni. Kutembea alitembea, lakini kukimbia kando ya maksai siku nzima hakuweza tena.

Na siku hizo, kama wewe ni mdogo na hukuambiwa, Mwafrika aliyekaa kwenye shamba la mzungu alikaa kwa sababu ya kazi yake. Nyumba yake kule laini, kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi, kipande chake cha kulima wimbi, malisho ya ng'ombe wake, vyote vilishikwa na kazi. Kazi ikikatika, vyote vinaanguka pamoja. Wepukhulu alikuwa ametoka Kimilili akiwa kijana, na shamba la baba yake huko lilikuwa limegawanywa kwa ndugu zake hadi lisigawanyike tena. Akifukuzwa hapa, hakuwa na mahali pa kumpeleka Nelima wala ng'ombe.

Mwenye shamba aliitwa Bwana Matofali. Jina hilo alipewa na watu wa laini, kwa sababu alikuwa akichoma matofali ya kujengea nyumba kubwa tangu Nelima hajaolewa, na nyumba yenyewe ilikuwa bado haijapita madirisha. Hakuwa mtu wa kupiga watu. Ila aliwatazama kama alivyotazama plau: nzima au mbovu. Alimwambia Wepukhulu, bila hasira yoyote, kwamba atamvumilia mpaka mvua za kupanda, kisha nyumba ile apewe mtu mwenye miguu miwili inayoelewana.

Hapo ndipo serikali ilipohamia kwenye ghala la mahindi.

Serikali yenyewe ilikuwa mzee mmoja mwembamba mwenye masharubu meupe, masanduku mawili na kikohozi. Alikuwa rais wa nchi ndogo ya milima kule Ulaya, nchi yenye jina ambalo hata Stephen, karani wa shamba aliyesomeshwa na wamisheni, alilikwepa kila alipoweza. Wajerumani walikuwa wameingia nchi hiyo wakafunga bunge. Mawaziri walitawanyika, wawili London na mmoja Cairo, na yule wa Cairo walikuwa hawasemezani naye. Daktari alimwambia rais kwamba kifua chake kinataka hewa ya baridi ya nchi ya juu. Marehemu mkewe alikuwa dada yake Mama Matofali, mke wa mwenye shamba. Ndivyo rais wa watu alivyojikuta Uasin Gishu, akiomba apewe ghala la zamani la mahindi kwa sababu nyumba ya shemeji yake ilijaa watoto na vumbi la matofali. Akaweka meza, bendera, picha ya marehemu na mashine ya taipu, akaendelea kutawala.

Alitawala kwa amri. Katiba yao ilisema kwamba bunge likishindwa kukaa, rais ataongoza taifa kwa amri zake mwenyewe mpaka amani irudi. Basi kila asubuhi aliandika amri, Stephen akaipiga taipu, ikapelekwa posta ya Eldoret, na baada ya majuma kadhaa ilisomwa kwenye redio ya London. Kule milimani watu waliisikiliza wakiwa wamejifunika blanketi pamoja na redio. Aliyekamatwa akisikiliza alipigwa risasi. Kwa hiyo usicheke sana ghala lile. Watu wa laini walicheka mwanzoni, Stephen akawaeleza habari za blanketi, wakapunguza. Mzee mwenyewe wakamwita Bwana Amri.

Sasa, katiba ile ilikuwa ya zamani, ya enzi za wachunga mbuzi, na ilikuwa na sharti moja. Amri ya rais haikuwa na nguvu mpaka mpiga mbiu aitangaze kwa sauti mahali pa wazi, mbele ya watu waliokusanyika. Mama Matofali alimwuliza shemeji yake nani atajua kama akiruka kipengele hicho, huku shambani. Bwana Amri akajibu kwamba yeye atajua. Alikuwa mwanasheria, na mwanasheria mkaidi anaweza kukesha kwa ajili ya koma. Mama Matofali akamwuliza tena, hao watu waliokusanyika atawatoa wapi. Akasema katiba imetaja watu, haikutaja rangi yao.

Basi akahitaji sauti, na katika shamba lile sauti haikutafutwa mbali. Mama Matofali alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaonyesha kidole kule laini.

Hivyo Wepukhulu alipata kazi mpya, na kazi hiyo ikamshikia nyumba. Bwana Matofali aliguna lakini hakukataa, maana mkewe alikuwa ameshakubali kwa niaba yake.

Ila hakuna aliyemfundisha namna ya kuifanya. Kwa kuwa hakufundishwa, aliifanya kama ilivyofanywa kwao Kimilili alipokuwa mtoto. Kwao, mtu mwenye tangazo hupanda kichuguu, hulipaza, kisha huwauliza waliosikia kama wanaitikia, na hungoja. Wakiitikia, neno limekaa. Wenye maoni huyasema. Wakinyamaza wote, neno limekataliwa, naye hulirudisha kwa aliyemtuma. Nyuma ya laini kulikuwa na kichuguu kizuri, kikubwa kama nyumba ya kuku. Wepukhulu alikipanda jioni ya kwanza watu wakitoka kazini, akasoma karatasi aliyopewa na Stephen kwa Kiswahili, akauliza, "Mnaitikia?"

Watu wa laini walielewa mara moja. Wabukusu walielewa kwa kuwa walikuwa wamezaliwa nayo, na Wakalenjini kwa kuwa hata kwao neno la wote husemwa na wote. Ikawa burudani ya kila jioni. Ilipotoka amri kwamba raia wasizifuate saa za Wajerumani, waliozisogeza mbele, ila kila mtu ashike moyoni saa ya zamani, laini nzima iliitikia kwa kishindo, kwani hakuna aliyependa kengele ya alfajiri ya Bwana Matofali. Ilipotoka amri ya kumfuta kazi yule waziri wa Cairo, Nelima alisimama akasema apewe muda, labda ana shida nyumbani. Wengine wakaunga mkono. Wengine wakasema waziri ni waziri, afutwe. Walibishana mpaka ugali ukapoa.

Wepukhulu alimpelekea Stephen maoni yote, neno kwa neno. Stephen aliyasikiliza, akashukuru, kisha chini ya amri akaandika kwamba imesikiwa na watu, basi. Alikuwa kijana mwangalifu. Alifikiri kwamba kumweleza rais mzungu maoni ya Nelima juu ya baraza la mawaziri ni njia fupi ya kurudi kwao. Na Bwana Amri, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuagiza chai, alikaa dirishani pa ghala akisikia kelele zile, akaamini anashangiliwa. Mara nyingine alifuta macho. Akamwandikia waziri wa London kwamba Waafrika wanapenda sheria kuliko bunge lake lote.

Mambo yalikwenda hivyo mwaka mzima na zaidi, na Wepukhulu alinenepa. Alipita kwenye maduka ya Wahindi mjini watu wakimwamkia Mzee Mpiga Mbiu. Naye aliwaitikia kwa sauti ndogo, yaani sauti ndogo kwake, na punda wa mwenye duka akashtuka kila mara.

Kisha siku moja ikaja habari kwamba Wajerumani wameuchoma moto mji aliozaliwa Bwana Amri. Siku hiyo hakula. Kesho yake aliandika amri moja fupi. Yeyote, mwanamume au mwanamke, aliyewauzia askari wa adui chakula, atahesabiwa msaliti. Vita vikiisha nyumba yake itabomolewa, na asisalimiwe na mtu yeyote maisha yake yote.

Jioni Wepukhulu aliipandisha kichuguuni akaisoma. Alipofika mwisho akauliza kama wanaitikia. Hakuna aliyejibu. Aliuliza tena, kwa sauti iliyofika mpaka mtoni, na watu wakatazama miguu yao. Kule dirishani Bwana Amri alingoja makofi yake. Alipoyakosa, akatoka ghalani akaja mwenyewe, fimbo mkononi, kikohozi mbele.

Stephen alimwahi Wepukhulu kwa Kibukusu. Alimwomba aseme upepo umechukua sauti, au watu wamechoka, au chochote. Akamkumbusha kwamba mpiga mbiu akisema amri imekataliwa, basi mpiga mbiu hana kazi, na asiye na kazi hana nyumba. Wepukhulu hakuhitaji kukumbushwa. Alimtazama Nelima aliyesimama na wenzake, ndoo kichwani. Nelima hakumpa ishara yoyote. Lilikuwa jambo lake mwenyewe, na aliogopa kweli.

"Leo watu iko kimya," Bwana Amri alisema. "Sababu gani?"

"Wamekataa, Bwana," Wepukhulu alisema. "Haikuitikiwa. Nakurudishia." Akamnyoshea karatasi.

Bwana Amri hakuipokea. Alimgeukia Stephen, na Stephen, jasho likimtoka, akaeleza mila ya kichuguu tangu mwanzo. Mzee aliuliza kwa hiyo kelele za mwaka mzima zilikuwa nini. Stephen alimwachia Wepukhulu hilo.

"Siku zingine walikuwa wanakubali," Wepukhulu alisema. "Siku zingine walikuwa wanakutengenezea amri zako."

Uso wa Bwana Amri ulipanda rangi kutoka shingoni. Hakuna rais anayependa kujua kwamba ametengenezewa. Akauliza, kwa Kiingereza sasa, ni nani huyo aliyeikataa amri hii na kwa nini.

Aliyejitokeza alikuwa Jepkosgei, mama Mkalenjini ambaye watu wote, hata Wabukusu, walimwita Kogo, kama mjukuu anavyomwita nyanya yake. Alikamua ng'ombe wa Bwana Matofali, na hakuwa mtu wa kuharakisha neno.

"Wazungu wakikuja hapa na bunduki, mimi nilikuwa msichana kidogo," alisema. "Walichukua ng'ombe yetu yote. Hatukuwa na maziwa. Mama yangu akaenda kwa kambi yao kuuza mboga na kuni, ndio sisi tukule. Ndugu zake wakasema huyu si wetu tena. Hawakumsalimia mpaka akakufa. Mimi nimeishi kwa hiyo mboga. Sasa wewe unataka mimi niitikie hii kitu?"

Stephen alitafsiri. Ni lazima asifiwe kwa hilo, maana safari hii hakuruka hata neno, ingawa sauti yake ilikuwa ikipotea na kurudi. Bwana Amri alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliketi kwenye ukingo wa kichuguu, suruali nzuri kwenye udongo mwekundu. Alipoinua uso hakuwa rais. Alikuwa mzee aliyechomewa kwao, naye hakumficha mtu machozi yake.

Alimwuliza Jepkosgei aandike nini basi.

"Andika wasalimiwe," Jepkosgei alisema. "Na wakisalimiwa, waulizwe kwanza kama watoto walipona."

Ikaandikwa hivyo. Wepukhulu alipanda nayo kichuguuni jioni ya pili, na itikio lililotoka laini siku ile liliwaamsha ng'ombe waliokuwa wamekwisha kulala bomani. Bwana Amri alisimama na watu, kofia mkononi, akaitikia naye, akichelewa kidogo kwa sababu ya lugha. Kisha, kwa kuwa mkaidi ni mkaidi hata anaposhindwa, akatoa amri nyingine kwamba tangu siku hiyo hakuna amri ya taifa lake itakayopelekwa posta kabla ya kuitikiwa kichuguuni. Stephen akaacha kuandika kwamba imesikiwa, akaanza kuandika kwamba imeitikiwa. Na maoni ya Nelima yakaanza kusafiri mpaka London.

Yangeishia hapo kama wazungu wa Eldoret hawangekuwa na klabu. Bwana Matofali alikwenda huko Jumamosi, akaulizwa na wenzake kama ni kweli maboi wake wanatunga sheria za Ulaya, na kama watamtungia na yeye. Walicheka sana. Alirudi na uso wa mawe. Hakumgusa mgeni wake, hakuthubutu. Alimwita Wepukhulu akamwambia mwisho wa mwezi atoke, yeye, mke na ng'ombe. Alisema shamba lake halina haja ya mtu wa kupiga kelele.

Nelima alianza kufunga vyungu. Alifunga bila kulalamika, na hilo lilimwuma Wepukhulu kuliko kama angelalamika. Alikaa nje penye kuni siku nzima, bila kusimulia chochote. Jirani walisema laini ilikuwa kimya mpaka wakasikia kuku wakitembea.

Bwana Amri alijua. Tena alijua sheria vizuri kiasi cha kujua kwamba hakuwa na mamlaka. Aliweza kuamrisha milima mizima na mito yake, lakini nyumba ya udongo iliyokuwa hapo mbele ya dirisha lake ilikuwa chini ya serikali nyingine. Alizunguka ghala akikohoa. Baadaye akasikika akicheka peke yake, akaita Stephen.

Karatasi ya jioni hiyo Wepukhulu aliipokea bila kuitazama, akaisoma kichuguuni neno kwa neno kadiri macho yalivyokuta. Ilisema kwamba Wepukhulu wa Kimilili amefanywa Mpiga Mbiu wa Taifa. Ilisema pia kwamba kila raia wa jamhuri, popote alipo duniani, anaamriwa kuhakikisha Mpiga Mbiu huyo hakosi nyumba yake wala shamba lake wala malisho yake, mpaka amani irudi. Alipofika kwenye jina lake sauti ilimkwama, jambo ambalo halijapata kutokea tangu azaliwe. Akakohoa, akaimaliza.

Watu waliitikia, lakini kwa mashaka. Walijiuliza ni raia gani huyo, na nchi yenyewe iko mbali hivyo. Ndipo kwenye veranda ya nyumba ya Bwana Matofali Mama Matofali alipoweka chini sweta aliyokuwa akifuma. Alikuwa amezaliwa katika milima ile. Ukitoka Cairo kuja huku chini, ukimwacha rais mwenyewe, hakukuwa na raia mwingine ila yeye. Akasimama wima kama msichana wa shule, akaitikia kwa lugha ya kwao, kisha akarudia kwa Kiswahili ili watu wa laini wasikie.

Yaliyosemwa ndani ya nyumba usiku ule hayakutoka nje. Mpishi alieleza tu kwamba Bwana alipewa kabichi peke yake siku tatu mfululizo, na kwamba Mama alipoulizwa nyama iko wapi alisema yuko chini ya amri. Siku ya nne Bwana Matofali alipita laini akiwa juu ya farasi, akasema bila kusimama kwamba vyungu vile vinaweza kufunguliwa.

Watu walicheza. Nelima alifungua vyungu, lakini alikuwa amesikia maneno mengine ambayo wengine waliyapita. Alimwambia mumewe kwamba imeandikwa mpaka amani irudi.

"Kanisa yote inaomba amani," alisema. "Sasa mimi nitaomba nini?"

Nelima aliomba amani hata hivyo, maana kule milimani kulikuwa na akina mama waliouza mboga. Ila aliomba polepole.

Amani ilikuja. Ya Ulaya ilikuja mwezi wa tano, 1945, lakini ya Bwana Amri ilichelewa kwa sababu ya meli, na alipoitwa kwao mahindi ya Uasin Gishu yalikuwa yameshavunwa. Bwana Matofali aliyataka yaingie ghalani. Magunia yalikuwa yamepangwa nje, mawingu yakijikusanya upande wa vilima vya Cherang'any, na motokaa ya kumpeleka mzee stesheni ilikuwa inanguruma mbele ya nyumba. Kilichobaki kilikuwa amri moja, ya mwisho. Ilisema vita vimekwisha, amani imerudi, bunge likae, na amri zote za ghalani zimekoma leo.

Siku hiyo Wepukhulu aliijua amri kabla ya kupanda. Bwana Amri mwenyewe alikuwa amemsomea, akamwambia kwamba amemwomba Bwana Matofali mara mbili asiwatoe na hakujibiwa, na kwamba hana la kufanya zaidi, naye anaona aibu. Wepukhulu alimwambia asione aibu. Kisha akapanda kichuguu na mguu wake uliopinda, akaikomesha nyumba yake kwa sauti yote aliyojaliwa. Hakupunguza hata kidogo. Alisema baadaye kwamba alikuwa akiwafikiria wale wa blanketini, kwamba sasa wanaweza kusikiliza wakiwa wamekaa.

Akauliza, "Mnaitikia?"

Laini nzima ilinyamaza.

Aliuliza tena. Jepkosgei alikuwa akichagua majani kwenye shuka yake. Nelima alikuwa ametazama mawingu. Hata watoto walijua.

Bwana Matofali alishuka verandani, akamwambia mgeni wake apande gari, treni haitamngoja. Bwana Amri alitazama saa yake, akaitia mfukoni. Alieleza kwa upole kwamba haiwezekani. Sheria ni sheria. Amri ya amani haijaitikiwa, kwa hiyo nchi yake bado iko vitani, na rais aliye vitani hana budi kubaki kwenye makao ya serikali yake. Akamwomba Stephen arudishe masanduku ghalani. Mama Matofali aliketi akachukua sweta yake, ishara ya mtu mwenye nafasi. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya gunia.

Bwana Matofali alitazama magunia, akamtazama mkewe, akawatazama watu wake, nadhani kwa mara ya kwanza wote pamoja.

"Nyinyi nataka nini?" aliuliza.

"Tunataka kujua Wepukhulu atalala wapi," Nelima alisema.

"Kaa. Yeye kaa hapa," Bwana Matofali alisema, akipunga mkono kuelekea laini. "Basi. Kwisha."

Wepukhulu alikuwa bado juu ya kichuguu. Alishuka, akasogea kando, akaonyesha mahali kwa adabu kama mtu anayemkaribisha mgeni kwenye kiti.

"Bwana," alisema, "hapa kwetu neno linasemwa ukiwa huku juu. Halafu unauliza."

Sijui ni mvua, au ni kabichi, au ni uchovu wa mtu aliyejenga nyumba miaka yote ile na haijapita madirisha. Bwana Matofali alipanda kichuguu. Buti zake ziliteleza mara moja, na hakuna aliyecheka. Akasimama juu, mikono ikikosa pa kwenda, akasema kwamba Wepukhulu atakaa katika shamba hili maisha yake yote. Alitaka kushuka, akakuta Wepukhulu amesimama njiani, akingoja, na watu wote wakingoja. Akaelewa.

"Nyinyi naitikia?" alisema, kwa sauti ndogo.

Jepkosgei aliinua uso kutoka kwenye shuka yake. Alisema wamemsikia Bwana, na wanamshukuru kwa kuuliza, ila kabla ya kuitikia wangependa kujua kwanza: akae pamoja na ng'ombe wake, au bila?

Mvua ilikuwa inakuja sasa. Bwana Matofali alisimama pale juu akalowa, watu wake wakalowa pamoja naye, na hakuna aliyekwenda popote.

"Pamoja," alisema.

Ndipo wakaitikia, neno lake na amri ya amani pamoja, na treni ya Eldoret, kwa mara moja katika maisha yake, ikachelewa, hata Bwana Amri akaiwahi.